Rafu ya Wastaafu

Ghorofa ya Pili, Mlango wa Mwisho,
Juu ya Fundi Saa.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, maana najua ya kwanza umeipokea huku ukitafuta miwani. Magoti yanasemaje? Na lile jino linaloruka kila ukinywa kitu cha baridi, umeling'oa au bado mnabembelezana? Uliandika kwamba huko unavaa soksi mbili mbili hata ukiwa kitandani. Naomba Mungu hali ya hewa iwe imekuhurumia, angalau ubaki na moja moja.

Wengine wakiandika barua husema wao ni wazima, wasiwasi ni juu ya huyo aliye mbali. Mimi pia ni mzima, namshukuru Mungu, lakini wasiwasi wangu sijaupeleka mbali. Ninao hapa hapa mezani, wa kutosha na wa kubakiza. Hukuniita Kunguru bure. Bado nakumbuka nilivyosimama kando ya barabara nikakataa kuvuka, na gari lililokuwapo lilikuwa limeegeshwa. Watoto wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Wewe ulinishika mkono ukasema, "Mwacheni. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Huyu wangu atazeeka na mbawa zote mbili." Mpaka leo sijui kama ulikuwa unanisifu.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mezani, nikaisoma tena nikiwa nimesimama kwenye ngazi, halafu nikaiweka chini ya sahani ili nisiisome mara ya tatu, nikaisoma. Umeniuliza swali moja tu, na umetaka jibu la maandishi kwa sababu simu, kwa maneno yako, husema ikakimbia. Wajukuu zako mapacha wameanza shule, nyumba ya Dada imekuwa kimya mchana kutwa, na wewe unataka kurudi. Kile kipeperushi cha bei ulichoniomba nikutumie umekibandika kando ya friji. Kila asubuhi unakisoma, unapiga mahesabu na pensheni yako ya udobi, na umeona kwamba kwa bei zile utaishi kama malkia. Unataka nikuhakikishie. Halafu mwishoni, kwa herufi kubwa: USINIBEMBELEZE. WEWE NDIYE MTU WA BEI KATIKA UKOO HUU. Tena unasema Dada anasubiri jibu lako kabla ya mwisho wa mwezi, ama akulipie kibali cha mwaka mwingine, ama akukatie tiketi.

Nitajibu, Shangazi. Ila nivumilie nianzie mbali kidogo. Unajua siwezi kuingia majini bila kuyapima kwanza kwa kidole cha mguu.

Ofisi yetu iko juu ya duka lenyewe. Unapanda ngazi ya chuma inayolia, na meza yangu ndiyo ya kwanza, kwa hiyo kila anayeshuka hunigonga kiti. Panatoka harufu ya sabuni na maboksi. Ukutani kuna dirisha dogo la kioo, na ukichungulia unaliona duka zima, kuanzia mlangoni hadi kwenye magunia ya mchele. Kazi yangu ni kupokea bei kutoka kwa meneja wa bei, kuziandika bila kukosea, kuzipanga kwenye kipeperushi, na kukaa kwenye mikutano nikiandika kinachosemwa. Nasoma kila tarakimu kwa sauti mara tatu. Wenzangu wanasema ninasali.

Meneja mwenyewe tunamwita Bwana Shusha. Ni mtu mnene, mfupi, na suruali yake anaivuta juu hata akiwa amekaa. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha pale dirishani akanionyesha wateja.

"Kijana, duka hili lina bidhaa elfu tatu. Mteja anakumbuka bei za ngapi?"

Nikafikiri, nikasema labda mia.

"Nne!" Akanihesabia kwa vidole vyake vinene. "Mkate, sukari, sabuni, mafuta. Hizo shusha mpaka zilie. Akiziona hizo nne ziko chini, ataamini kila kitu kiko chini. Zilizobaki elfu mbili mia tisa na ngapi huko, nyamaza nazo."

Nikaandika. Lakini moyoni nilijiambia, Shangazi yangu angekupa taabu wewe, maana yeye anakumbuka bei za zote elfu tatu, na za mwaka juzi pia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka hospitalini pamoja? Ulikuwa ukivua ile aproni ya kufulia, vidole vimekunjamana kwa maji, mimi nimekungoja kwenye benchi la nje na mkoba wangu wa shule magotini. Tulipitia duka la kona. Hukuwahi kusalimia mkate wa juu. Ulikuwa ukiinama hadi rafu ya chini kabisa kulikokaa mikate ya jana, unaiminya ubavuni kwa kidole kimoja, taratibu, kama muuguzi. Mwenye duka akikuambia, "Mama, leo imetoka ya moto," unamjibu, "Ya moto ina kiburi. Nipe wa jana, umeshajifunza maisha."

Biskuti tulinunua zilizovunjika, kwa mfuko. Nilipolalamika ulisema tumboni hakuna mtu anayezipanga. Ndizi zilikuwa zile nyeusi, zilizofika umri wa busara. Makopo ya samaki yalikuwa yale yaliyobonyea, nawe ulikuwa ukiyageuzageuza mkononi na kusema, "Limepigwa, lakini halijatoa siri." Mimi niliamini kila neno. Sikujua kwamba tulikuwa hatuna. Nilidhani tuna akili kuliko wengine.

Kuna jambo sikuwahi kukusimulia. Nikiwa darasa la tano nilialikwa kwa rafiki yangu, yule mtoto wa fundi cherehani. Mama yake akaweka mezani mkate uliotoka tanurini muda huo huo, unafuka moshi, siagi inayeyuka yenyewe. Niliukodolea macho. Nikamwambia yule mama, kwa adabu zote ulizonifunza, "Ahsante, lakini nyumbani tunakula uliotulia." Akafikiri ni maradhi. Akanifungashia kipande nipeleke nyumbani, nami nikakificha mpaka kesho yake ndipo nikakila. Kilikuwa kitamu sana, Shangazi. Nilijiona nimekiponya.

Na namna ulivyoukata! Watu wote duniani huanza mkate kwenye ncha. Wewe uliuweka ubaoni, ukachukua kisu chako cha meno, ukaupasua katikati, ukakata vipande viwili kutoka kwenye moyo wake, kimoja changu kimoja chako, kisha ukazirudisha zile nusu mbili zikatazamana, jeraha kwa jeraha, ukazifunga kwenye kitambaa. Kesho yake ndani bado kulikuwa laini. "Nusu zikikumbatiana hazikauki," ulisema. Nikakuuliza je, ncha? Ukasema ncha zina ngozi, zinajitetea. Mkate mmoja tulikwenda nao siku nne, na siku ya nne tulikula hizo ncha na chai, tukitafuna kama watu wenye shughuli muhimu.

Hayo nayakumbuka sana siku hizi kwa sababu ya rafu moja iliyo chini ya dirisha langu.

Iko nyuma kabisa ya duka, karibu na mlango wa stoo. Jina lake kwenye karatasi za ofisi ni refu na halina ladha. Sisi tunaiita Rafu ya Wastaafu. Kitu kikikaribia tarehe yake ya mwisho, hutolewa mbele kwenye taa nzuri na kupelekwa pale. Kila siku saa kumi alasiri anatokea Bi Bunduki, mwenye kile kifaa cha kubandika lebo, tak, tak, tak, na kila anachokipiga kinashuka nusu bei. Saa kumi kasorobo wanakuwa wamefika wastaafu wa kweli. Wanajifanya wanatazama ufagio. Wanasoma maandishi ya nyuma ya dawa ya mbu, kwa makini, kama mkataba. Bi Bunduki akitokea tu, fagio zote zinapoteza mvuto.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu, mrefu, kofia haimtoki. Juzi alisogea karibu mno na Bi Bunduki.

"Mwanangu, angalia usije ukanibandika na mimi."

"Mwalimu, wewe nikikubandika nusu bei bado hawakuchukui."

"Kwa nini?"

"Maelezo ya matumizi ni marefu!"

Walicheka pale wote, na yeye akacheka kuliko wote, huku mkono wake tayari uko juu ya mtindi. Nami huku juu nilicheka peke yangu mpaka mhasibu akaniangalia.

Baada ya hapo nikaingiwa na fikra, na fikra zangu unazijua, haziji mojamoja. Niliona kwamba mtu akistaafu hutendewa kama mtindi ule. Jana alikuwa mbele kwenye taa. Leo kapelekwa nyuma, kabandikwa karatasi, na watu wanaanza kumnusa. Naye ni yule yule! Mtindi haujui kwamba umestaafu. Ndani ya kikopo chake bado unajiona kijana. Wewe ulistaafu Ijumaa, na Jumatatu asubuhi nilikukuta umevaa viatu vya kazi, umekaa kitandani, unafua kwa macho mashuka ya watu. Wiki haikuisha ukawa umefua mapazia yetu mara mbili. Halafu Dada akapata mapacha, akakuhitaji, ukaenda. Nilikusindikiza nikijifanya nimefurahi. Sijui kama uliamini.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Wiki mbili zilizopita kulikuwa na mkutano wa bei. Nilikuwa pembeni nikiandika. Bwana Shusha akavuta suruali, akasema, "Wateja wameshatuzoea. Mwezi wa sita, mkate na sukari vinarudi nyumbani." Kurudi nyumbani, kwa lugha ya pale, ni bei kupanda hadi ilipokuwa. Mafuta yatafuata, polepole, ili yasisikike. Wote wakaitikia kwa vichwa. Mimi kalamu ilisimama. Sikuona tena chumba cha mkutano. Niliona ukuta wa jikoni kwa Dada, na kipeperushi kando ya friji, na wewe umesimama mbele yake na soksi zako mbili mbili ukijumlisha maisha yako.

Shida ni kwamba hayo ni mambo ya ofisi, na nilitia sahihi kwamba ya ofisi hayatoki ofisini. Nami bado niko kwenye majaribio, Shangazi. Mkataba wangu wa kudumu unaamuliwa mwezi huo huo wa sita. Nikikwambia, naweza kupoteza kazi. Nisipokwambia, utakata tiketi kwa bei zilizo njiani kuondoka. Siku kadhaa nilizunguka na jambo hilo kama mtu aliyemeza kitufe. Chai ilinishinda. Niliandika tarakimu moja kichwa chini, na mhasibu akauliza kama nimeanza kusali lugha nyingine.

Mwishowe nilifanya kitu ambacho utacheka ukikisikia. Nilikwenda kuomba ruhusa.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Bwana Shusha alikuwa peke yake ofisini kwake, anachovya mkate kwenye chai.

"Bosi, naomba ruhusa."

"Ya kwenda wapi?"

"Siendi mahali. Ya kusema."

"Kusema nini, kwa nani?"

"Bei ya mkate ya mwezi wa sita. Kwa shangazi yangu."

Akaweka kikombe chini. "Shangazi yako ana duka?"

"Hapana, bosi. Alikuwa dobi wa hospitali. Ni mstaafu."

"Sasa ngoja nielewe. Umeingia hapa unatetemeka kama kopo tupu kwenye toroli, kuniomba ruhusa ya kumwambia mama wa watu kwamba bei hupanda?"

"Ndiyo, bosi."

"Kwani yeye hajui?"

"Anajua kwamba hupanda. Hajui lini."

Alicheka mpaka mkate ukaanguka ndani ya chai, akacheka na hilo pia. Sikujua kama nicheke au nianze kukusanya vitu vyangu. Alipojifuta macho akaniuliza kwa nini jambo lenyewe ni kubwa hivyo, nikamweleza yote: kipeperushi, friji, tiketi, mwisho wa mwezi. Akaacha kucheka.

"Anarudi kuishi na nani?"

"Hajasema. Katika mahesabu yake yupo peke yake."

"Basi mwambie hivi, na useme yametoka kwangu mimi niliyezipanga hizo bei." Akavuta droo. Ndani ya mfuko wetu wenyewe, wenye lile tangazo letu la bei ya chini, kulikuwa na nusu ya mkate, ngumu kama tofali, imeota ukungu wa kijani upande mmoja. "Tangu mama watoto afariki sijawahi kumaliza mkate. Miaka yote hii nashusha bei ya mkate mzima. Sikuwahi kujiuliza nani anaumaliza."

Shangazi, sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikamuuliza kwa nini tusiuze nusu, kama duka la kona la zamani.

"Tulipiga hesabu. Kisu, mfuko, lebo, mtu wa kukata. Nusu haina faida." Akaufunga ule mfuko. "Mimi mwenyewe nastaafu mwezi wa sita. Mimi na bei ya mkate tunaondoka pamoja. Nenda kamwandikie shangazi yako. Ila asiwauzie siri wale wa duka la ng'ambo ya barabara."

Nilipofika mlangoni akaniita. Nikajua basi, amebadili mawazo. Kumbe alitaka kujua Bi Bunduki hupita saa ngapi. Yeye ndiye aliyeianzisha ile rafu, na hakuwahi kushuka kuiona.

Siku hiyo saa kumi nilimwona kupitia dirishani, anasoma dawa ya mbu.

Tangu hapo tumeingia ubia wa ajabu. Tunanunua mkate mmoja wa jana, mimi na yeye, na kugawana. Nilimfundisha kuukata katikati. Aliutazama ule moyo wa mkate akasema wewe ulipaswa kuwa meneja, na akauliza kama unakunywa chai nzito au nyepesi. Usianze kutabasamu, mimi sikujibu kitu. Lakini ubia wetu una kasoro, na tuliigundua siku ya pili tu. Nusu yake iko kwake, nusu yangu iko huku juu ya fundi saa, na kila moja inakaukia upande wake. Nimejaribu kuifunga na kitambaa, nimejaribu kuilaza kifudifudi kwenye sahani. Wapi.

Sasa jibu lako, na sikubembelezi.

Hapana, Shangazi. Kwa bei za kipeperushi kile huwezi kurudi. Kitoe ukutani. Kile si picha ya maisha ya hapa, ni picha ya miezi michache ambayo sisi tulitaka watu watupende. Na hata kama bei zingebaki, zisingekufaa. Bei zetu za chini ziko kwenye mkate mzima, mfuko mkubwa wa sukari, dumu kubwa la mafuta. Ni bei za nyumba yenye watu. Mtu mmoja na pensheni yake akinunua humo, nusu anakula yeye, nusu anaununulia ukungu. Nimepiga hesabu hiyo kwa kila njia ninayoijua, kwa sauti, mara tatu, na kila mara imekataa.

Hilo ndilo nililoogopa kuliandika. Si kwa sababu ya ofisi, hilo liliisha. Niliogopa kwamba ukifika hapo utakunja barua, utaweka miwani juu ya meza na kumwambia Dada, haya, lipia kibali. Utakuwa na haki. Huko una chumba chenye joto, una mapacha, una mtu wa kukupeleka kwa daktari wa meno.

Lakini kuna swali ambalo hukuniuliza. Wewe umeuliza kama mstaafu mmoja anaweza kuishi hapa. Hukuuliza kama tunaweza wawili. Hiyo hesabu nayo nimeipiga, Shangazi, na hiyo haikukataa. Haikucheka, lakini haikukataa. Hata kwa bei za mwezi wa sita.

Chumba cha pili kwenye ngazi yetu kimekuwa wazi tangu mshona vitambaa ahame. Si kikubwa. Kina dirisha moja linaloangalia kamba za kuanikia, nikajua hilo utalipenda hata kama mashuka si yako. Sakafu ina ufa mmoja, nimeukanyaga sana, hauendi popote. Saa za fundi wa chini zinasikika, zote zinagonga kwa nyakati tofauti, kwa hiyo saa sita hapa huchukua muda. Nimemwomba fundi, maana nyumba ni yake, asikipangishe mpaka mwisho wa mwezi. Aliniuliza nani anakuja. Nikamwambia sijui. Akasema ndiyo mara ya kwanza kuona mtu anaweka chumba kwa ajili ya "sijui".

Siwezi kukuahidi kazi yangu. Bwana Shusha anaondoka, na atakayekuja simjui, labda atakuwa wa kupandisha. Siwezi kukuahidi mkate wa moto, wala hungeutaka. Kunguru wako anaogopa kama zamani: naogopa nikikosa mkataba utakuwa umevuka bahari kuja kushinda njaa na mimi, na naogopa zaidi kwamba hutavuka. Ninachoweza kukuahidi ni nusu. Ya mkate, ya mshahara kama upo, na ya woga pia kama utaona mahali pa kuuweka.

Ukiamua kubaki, nitaelewa, na nitakuandikia kila mwezi bila kukosa, na bei zote elfu tatu nitakuwekea. Ukiamua kuja, usibebe mablanketi, hapa yapo. Beba kile kisu chako cha meno chenye mpini wa mbao. Hiki cha kwangu hakikati, kinararua.

Msalimie sana Dada, mwambie asinikasirikie, simnyang'anyi mama yake, ninauliza tu. Msalimie shemeji na magari yake. Mapacha wote wawili wasalimie, yule anayeng'ata na yule anayesingiziwa kung'ata. Bi Bunduki anakusalimia bila kukujua. Mwalimu wa kofia naye amesikia habari zako, anasema rafu ina nafasi. Na kuna mtu mmoja anauliza tena habari ya chai.

Mungu akulinde magoti, akutulize jino, akuondolee soksi moja. Popote utakapokuwa mwezi wa sita, akupe mtu wa kumaliza naye mkate.

Nakuandikia haya nikiwa mezani, mchana. Jana jioni ilikuwa zamu ya Bwana Shusha kuchukua nusu yake, nikamwomba safari hii aniachie mzima. Nimeukata katikati, nimetoa vipande viwili kwenye moyo wake. Kimoja nimekula. Kingine nimekirudisha mahali pake, nikazisogeza nusu zikakumbatiana, na kitambaa juu.

Ni mimi wako akupendaye, bila punguzo,

Kunguru.